Kuku wa Maji Matatu

Kwa usafi, mama mkwe wa Kimya hakuwa na mpinzani mtaa mzima. Asali ikimwagika kwenye sakafu yake ungeweza kuilamba usipate hata chembe ya mchanga. Wanawake waliogombana na binti zao waliwaambia, "Nenda kwa yule mama ukaone nyumba inavyokaa." Mashuka yake yalikuwa meupe kiasi cha kuumiza macho. Lakini lililomfanya atajwe zaidi ni kuku. Kuku wake aliogeshwa maji matatu: ya kwanza ya kumtoa damu, ya pili ya ndimu na chumvi, ya tatu ya kumsuuza, bomba likiwa limefunguliwa mpaka mwisho. Alimsugua chini ya mbawa na ndani ya kifua kama mama amwogeshaye mtoto aliyetoka kuchezea tope, na maji yakaruka kila upande.

Jiko lenyewe lilikuwa jembamba kama njia ya uani. Sinki upande huu, friji na meza ndogo upande ule, na katikati nafasi ya mtu mmoja na nusu. Dirisha lilikuwa na nondo, likitazama ukuta wa jirani. Mlango ulifungukia ndani, kwa hiyo mtu akisimama kwenye sinki aliubana kwa mgongo, na aliyekuwa jikoni naye hakuwa na pa kutokea mpaka kazi iishe. Aliyekuwa jikoni naye, siku zote, alikuwa Kimya. Alibanwa kati ya friji na meza, beseni mkononi, tumbo la mimba likigusa ukingo wa meza, akipokea vipande vilivyooshwa huku matone yakimrukia usoni. Hakuweza hata kujipangusa, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Jina hilo la Kimya alipewa na wifi yake, fundi cherehani, aliyeishi humo humo na cherehani yake sebuleni. Waliomjua tangu zamani wangelicheka. Kabla ya kuolewa alikuwa msusi, na saluni wateja wengine walikuja kwa ajili ya soga zake kuliko kwa ajili ya nywele. Akaolewa na dereva wa greda, kijana mwema mwenye mikono mizito na moyo mwepesi. Mimba ya kwanza ikatoka. Ilipoingia ya pili, daktari akamwambia asisimame kutwa na asinyanyue vitu vizito, na wakati huo huo kampuni ikampeleka mumewe mbali kutengeneza barabara.

"Hamia kwa mama," mumewe akasema. "Utapumzika, utalelewa, nami nitakuwa na amani."

Chumba cha kupanga kikarudishwa kwa mwenyewe. Kiti chake cha saluni kikakaliwa na msusi mwingine. Mama yake mzazi alikuwa amekwisha fariki. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Kimya alipoingia nyumba ile aliisikia kamba hiyo siku ya kwanza, ingawa hakuna aliyemfanyia ubaya. Walimwita mwanangu, walimwekea mto mgongoni. Ila kila neno alilosema lilipimwa kwanza, na yeye akajifunza kutokusema.

Mambo yalianzia kliniki. Nesi mmoja mwenye sauti nzito alisimama mbele ya wajawazito walioketi kwenye mabenchi, akauliza, "Nani hapa humwosha kuku kabla ya kumpika?"

Mikono yote ikainuka, na baadhi ya wanawake wakaiinua kwa majivuno.

"Basi acheni," nesi akasema.

Wakacheka, wakidhani ni mzaha. Hakuwa anatania. Akawaambia kwamba kuku mbichi ana vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kwamba maji hayaviui, yanavitawanya tu. Tone likiruka linatua kwenye kikombe, kwenye nyanya, kwenye kanga ya mpishi. Kinachoviua ni moto. Kuku akiwa na uchafu apanguswe kwa karatasi, na karatasi itupwe. Ubao na kisu vilivyomkata visiguse kitu kinacholiwa kibichi. Mikono inawiwe kwa sabuni, si kwa kuchovya vidole. Ndani ya friji awekwe chini kabisa, kwenye chombo chenye kifuniko, asidondoshee vyakula vingine. Na apikwe mpaka nyama iliyo karibu na mfupa isibaki na wekundu.

"Na ule utelezi?" mwanamke mmoja akauliza kwa kinyaa.

"Utelezi utakwisha kwenye sufuria, mama. Wewe uache sinki lako lipumzike." Kisha nesi akaongeza kwa sauti ya chini, "Mjamzito akishikwa na tumbo la namna hiyo, haugui peke yake."

Kimya alirudi nyumbani maneno hayo yakimfuata kama kivuli. Siku mbili alizunguka mbuyu. Siku ya tatu, mama mkwe alipokuwa anamtoa kuku kwenye mfuko, akajikaza.

"Mama, kliniki wametufundisha jambo geni. Eti kuku asioshwe."

Mama mkwe akageuka na kuku mkononi. Hakukasirika. Alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa wa homa akiweweseka. "Asioshwe?"

"Wanasema maji yanatawanya vijidudu."

"Huyo nesi amelelewa na nani?" Akafungua bomba. "Nimezaa, nimelea, nimezeeka na huyu mume wangu, wote nimewalisha kuku wa kuoshwa. Leo niwape na kinyesi chake, kwa sababu mtoto wa juzi kavaa gauni jeupe?"

Kutoka sebuleni cherehani ikasimama. "Mama, muulize kama na watoto siku hizi hawaogeshwi," wifi akasema, na wote wawili wakacheka. Kimya naye akacheka ili yaishe. Tone likampata mdomoni. Akalipangusa kwa bega.

Mumewe alipopiga simu, akamweleza kwa kunong'ona, shuka kichwani.

"Mke wangu, kila mwanamke ana jiko lake. Vumilia. Usije ukamwambia mama yangu kwamba ni mchafu."

"Sijasema ni mchafu. Ni msafi mno, na shida yenyewe ndiyo hiyo."

Mumewe akacheka mpaka akakohoa. "Haya makubwa," akasema. "Usafi umegeuka ugonjwa."

Basi akabaki na akili zake. Kuku akiingia nyumbani, yeye alikwisha ondoa vikombe kwenye chanja cha vyombo na kuvificha kabatini. Nyanya alizifunika. Mama mkwe akitoka jikoni, yeye alipita nyuma na kitambaa chenye maji ya dawa ya kuulia vijidudu, akifuta sinki, bomba, ukuta, kitasa cha mlango. Akanunua ubao wa pili wa kukatia na kisu kidogo. Kwa kuwa hakujua angevieleza vipi, akavisukuma chini ya kitanda chake.

Lakini nyumba ya mtu msafi haina pa kuficha kitu. Siku moja alirudi kutoka dukani akamkuta mama mkwe amesimama mlangoni mwa chumba chake, ufagio mkono mmoja, ubao mkono wa pili.

"Ubao wa jikoni unatafuta nini chumbani, mwanangu? Na kisu?"

Kimya hakuwa na jibu ambalo lisingekuwa tusi.

"Naona pia unafuta kila ninapopita," mama mkwe akaendelea. "Nikitoka jikoni tu, wewe na kitambaa. Kama mtu anayefuta nyayo za mwizi. Miaka yote hii hakuna aliyefuta nyuma yangu."

"Nisamehe, mama."

"Nimesamehe nini? Sema."

Ubao ukapelekwa jikoni ukawekwa juu ya friji, asikoweza kuufikia bila kupanda kiti, na kiti alikuwa amekatazwa kupanda. Tangu siku hiyo kitambaa cha maji ya dawa nacho hakikuonekana tena.

Baada ya hapo akaja shangazi, dada wa baba mkwe, ambaye walikuwa hawajamwona siku nyingi, na Jumapili kukapikwa wali na kuku wa mchuzi. Kimya alishuhudia yote kutoka kwenye kona yake ya friji. Kuku aliogeshwa maji matatu. Nyanya na matango yalikuwa kwenye sahani pembeni ya sinki, wazi, yamekwisha menywa. Kuku akakatwa juu ya ubao. Ubao ukasuuzwa kwa maji ya bomba, ukageuzwa, matango yakakatwa juu yake. Alifungua mdomo mara moja. Mama mkwe akamwangalia, naye akaufunga.

Mezani baba mkwe aliketi mwisho, karibu naye. Alikuwa fundi saa, mzee mwembamba wa maneno machache, aliyekuwa anapona upasuaji wa tumbo na kunywa dawa kwa saa maalumu, akizitazama saa zote za ukutani kwa zamu kuona ipi inadanganya. Kimya alijipakulia wali, akachukua kipande cha kuku kilichochemka vizuri, mchuzi ukitoa mvuke. Saladi akaipitisha.

Shangazi akaona. "Mkwe wetu hali majani?"

"Anatuogopa," wifi akasema, akitabasamu.

Mama mkwe akainuka. Akazunguka meza yote, akamwekea Kimya saladi kwa mkono wake mwenyewe, kijiko baada ya kijiko, mpaka ukingo wa sahani haukuonekana. "Kula, mwanangu," akasema kwa upole ambao Kimya angeupendelea uwe ukali. "Mtoto anataka mboga."

Mbele yake sahani, nyuma yake ukuta, kulia shangazi, kushoto mzee. Akashika uma. Mtoto akageuka tumboni. Akachoma kipande cha tango akakiinua, mkono ukakataa kupanda zaidi.

Baba mkwe akakohoa. "Lete hapa," akasema, akivuta sahani taratibu. "Si kliniki walikukataza vitunguu vibichi? Naona vimo. Mimi ndiye mla majani nyumba hii." Akahamishia saladi yote kwenye sahani yake, akala kwa utulivu, akizungumza na dada yake habari za mvua. Kimya alitaka kumzuia. Alifikiri maneno ya kumzuia nayo, na kila neno aliona lingemtua mama mkwe usoni kama kofi. Mzee akamaliza, akafuta sahani kwa kipande cha mkate.

Jumanne asubuhi mzee hakuinuka kitandani. Wifi naye alikuwa anakimbilia chooni, shangazi kajilaza sebuleni ameshika tumbo, lakini hao walikuwa watu wenye nguvu zao. Mzee, na kidonda chake cha upasuaji, aliharisha mpaka macho yakaingia ndani. Teksi ikaitwa. Jirani alipombeba kupita mlangoni, kichwa cha mzee kilimwangukia begani kama cha mtoto aliyelala.

Hospitali wakamtundikia dripu. Daktari akauliza walikula nini, nani alikula na nani hakula. Akasema inaonekana ni chakula, wamechukua choo wakipime, majibu yatachukua siku kadhaa. Alisema hayo tu, kisha akaenda kwa wagonjwa wengine. Lakini swali lake la nani hakula lilirudi nyumbani pamoja nao.

"Hukula," wifi akamwambia Kimya jioni ile, wakiwa sebuleni. "Sote tulikula, wewe hukula."

"Nilikula kuku."

"Kuku tulikula wote. Nasema saladi. Ulijua kilichokuwamo."

Kimya akamgeukia mama mkwe. Mama mkwe alikuwa anatazama mikono yake.

"Kisu chini ya kitanda," wifi akaendelea, akihesabu kwa vidole. "Chupa ya dawa anayofutiafutia. Kila tukipika yeye yumo, anazungukazunguka. Na sahani yake ndiyo baba aliyokula, ndiyo maana baba yuko vile. Walisema kikulacho ki nguoni mwako. Na walisema pia, kimya kingi kina mshindo mkuu. Kumbe nilimpa jina lake hasa."

"Mama," Kimya akasema. "Mama, wewe unajua sikutia kitu."

Mama mkwe akajibu bila kuinua uso. "Mimi najua kuku wangu nilimwosha maji matatu. Mengine siyajui."

Hapo ndipo Kimya alipoelewa jinsi alivyobanwa. Angesema saladi ilikuwa na nini, angekuwa amekiri kwamba aliona, alijua, na akamwacha mzee ale. Angenyamaza, angekuwa ametia sumu. Njia zote mbili ziliishia mlango ule ule.

Wakaamua mumewe aitwe. Mpaka afike, Kimya asiingie jikoni, asiguse chakula cha mtu, na asiende hospitali. Alipoomba akamwone mzee, wifi aliuliza tu, "Ukamalizie?" Hakuna aliyemfungia mlango kwa ufunguo. Haikuhitajika. Wifi aliihamisha cherehani mpaka kwenye ukumbi, mbele ya chumba cha Kimya, na kutwa Kimya alisikia pedali ikienda. Akifungua mlango kwenda msalani, ilisimama. Akirudi na kufunga, ikaanza tena. Chakula kilikuja kwenye trei, na aliyekileta, shangazi, hakumtazama usoni. Chumba kilikuwa na dirisha moja lenye nondo. Alilala kwa ubavu wa kushoto kama alivyoelekezwa kliniki, mkono tumboni, akamsikiliza mtoto. Mtoto akitulia kidogo tu, Kimya alilibonyeza tumbo mpaka ajigeuze tena.

Akili yake haikutulia. Alijishtaki mwenyewe kuliko wifi alivyomshtaki. Mzee alimwokoa, na yeye, kwa kuogopa kuvunja heshima, alimtazama akila. Heshima gani hiyo inayompeleka mtu hospitali?

Mumewe alifika na vumbi la barabarani kwenye nyusi. Walimpokea sebuleni, wakamweleza yote kabla hajatua begi. Kisha akaingia chumbani, akaketi kitandani, akamshika mkono.

"Niambie ukweli tu," akasema. "Hata kama ni jambo baya. Mimi ni mumeo."

Kimya akauondoa mkono wake polepole. "Hata wewe?"

"Sijasema..."

"Nilikuambia kwenye simu. Ukacheka."

Uso wa mumewe ukashuka. Kimya akajiinua kwa kushika ukingo wa kitanda, akafungua mlango. Pedali ikasimama. Akampita wifi yake bila kumtazama, akaenda moja kwa moja jikoni, mahali alipokatazwa.

Mama mkwe alikuwepo, anamtoa kuku kwenye friji. Alitaka kumtengenezea mgonjwa supu. Beseni tayari, ndimu tayari, vikombe vyeupe vimepangwa kwenye chanja juu ya sinki kama kawaida.

"Mama, sitakuzuia kumwosha," Kimya akasema. Sauti ilikuwa ile ya saluni, ya kusikika mpaka barazani, na yeye mwenyewe alishangaa kuwa bado anayo. "Naomba jambo moja. Nimpake bizari ya manjano kwanza. Halafu mwoshe vile vile unavyomwosha siku zote, usipunguze wala usiongeze. Ukimaliza, kama nimekosea, nitaondoka nyumba hii leo hii na nguo nilizovaa."

Mumewe na wifi walikuwa wamefika mlangoni, wakaushikilia wazi. Shangazi nyuma yao.

"Mpake," mama mkwe akasema kwa uchungu. "Mpake hata rangi ya ukuta. Mtu mzima kuchezewa namna hii jikoni kwake."

Kimya akampaka kuku manjano mengi, ngozi yote na ndani. Akanawa kwa sabuni mpaka viwiko. Akakata matango mapya kwenye sahani safi, akaiweka pale pale pembeni ya sinki ilipokuwa Jumapili. Kisha akarudi kwenye kona yake kati ya friji na meza.

Mama mkwe akafungua bomba mpaka mwisho. Aliosha kwa hasira, na hasira ilimfanya aoshe vizuri zaidi. Maji ya kwanza, maji ya ndimu, maji ya kusuuza. Hakutazama popote ila kwenye kuku. Alipomaliza akamweka kwenye beseni, akafunga bomba, akageuka na kusema, "Haya."

Wote walikuwa wanatazama nyuma yake. Akageuka tena.

Ukuta mweupe wa nyuma ya sinki ulikuwa na madoa ya njano mpaka usawa wa kichwa. Bomba lilikuwa la njano pale alipolishika. Matango yalikuwa na vidoa vidogo vidogo, kama yamenyunyiziwa. Kitambaa cha kukaushia sahani kilikuwa na alama za vidole. Kifuani kwake, shingoni, kwenye paji la uso, kila mahali kulikuwa na matone, na Kimya aliyekuwa kule kwenye kona alikuwa nayo shavuni.

Mama mkwe alinyoosha mkono kwenye chanja akashusha kikombe kimoja. Akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ndani, karibu na ukingo, kulikuwa na tone la njano linaloteremka.

"Hiki ndicho anachonywea dawa," akasema.

Wifi akaanza kusema kitu, shangazi akamshika mkono. Mama mkwe akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kikombe mapajani. Hakulia. Alikisugua tu kwa kidole gumba, na doa likazidi kutanda. "Nimekuwa nikimlisha," akasema baadaye, kwa sauti isiyomlenga mtu. "Ametoka kupasuliwa, mimi nikawa namlisha haya."

Kimya alikuwa ameufikiria wakati huu siku zote zile chumbani, na katika kuufikiria alijiona akishinda. Sasa haukuwa na ladha ya ushindi. Alitaka kumwendea, lakini ndoo ilikuwa imeziba nafasi, na mwanamke yule mkubwa alionekana mdogo ghafla. Mumewe ndiye aliyepiga magoti, akachukua karatasi, akaanza kumpangusa mama yake paji la uso.

"Mama, hukujua," Kimya akasema. "Mimi nilijua, nikanyamaza. Lawama tugawane."

Majibu ya hospitali yalipotoka, daktari alisema ni vijidudu vinavyotokana na kuku mbichi, wala si sumu ya aina yoyote. Mzee alikaa wodini muda mrefu kuliko walivyotarajia. Kimya alipokwenda kumwona, alimkuta amekonda, mifupa ya uso imetokeza, saa yake ya mkononi ikimzunguka kwenye kifundo kama bangili. Akamweleza yote. Mzee alisikiliza amefumba macho.

"Niliona hutaki kula," akasema. "Sikujua kwa nini. Nilidhani ni ugomvi wa wanawake." Akapumzika. "Sahani niliivuta mwenyewe, mwanangu. Usiwaache wakakubebesha."

Alirudi nyumbani akitembea kwa kushika kuta. Nguvu zake za zamani hazikurudi zote. Mikono ilimtetemeka, na kazi ya saa ndogo hakuiweza tena. Alibaki na saa za ukutani tu. Wifi hakuomba radhi kwa mdomo. Siku moja Kimya alikuta gauni la mjamzito kitandani, jipya, limeshonwa kwa mshono unaoweza kupunguzwa na kuongezwa. Akalikunja akaliweka chini kabisa ya sanduku. Hakulivaa.

Mama mkwe aliacha kupika. Hakusema ameacha, alikuwa tu haingii. Kwa hiyo jiko lote likamwangukia Kimya, asubuhi, mchana na jioni, na kila aliyekaa mezani alisubiri yeye aonje kwanza. Walimwamini sasa, na imani hiyo ilimbana kama shaka ilivyombana. Usiku mmoja, mumewe akiwa amekwisha rudi kazini, akamwambia kwenye simu, "Nitazaa mtoto wangu mahali pengine. Sikuulizi, nakuarifu." Safari hii mumewe hakucheka. Alitafuta chumba karibu na kambi yao ya barabara, chumba na kijijiko, mlango ukifungukia nje. Kimya alihamia huko, na hakuna aliyemzuia. Mzee pekee alimsindikiza mpaka kwenye gari, akishika ukuta, kisha akishika geti.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye mapafu ya mnadi sokoni. Baada ya wiki chache mama mkwe akaja, bila taarifa, mfuko wa kuku mkononi. Alimbeba mjukuu, akamnusa shingoni, akamrudisha. Kisha akaenda mpaka kwenye mlango wa kijijiko, akasimama kizingitini.

"Niingie?" akauliza.

Kimya aliyekuwa akinyonyesha alitaka kusema jiko ni lako, mama, kama heshima inavyotaka. Neno likafika kwenye ulimi, akalirudisha. "Ingia, mama. Ubao wa kuku ni ule mwekundu."

Mama mkwe akauangalia ule mwekundu na ule mwingine, akauweka mfuko juu ya ule mwekundu. Alisimama mbele ya sinki muda, mkono wake ukienda kwenye bomba wenyewe na kurudi. Mwishowe akauliza, bila kugeuka, "Na sabuni ya mikono umeiweka wapi?"